Ubeti wa Nne

"Baba, naomba kaye ya kwaya. Mupaka siku ya posho tu."

Casimir hakuinua kichwa. Alikuwa anatia mkanda kwenye suruali ya shule, na mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani kana kwamba hajasikia kitu. Merveille alikuwa ameshuka kwenye pikipiki dakika kumi tu zilizopita. Vumbi la barabara ya Uvira lilikuwa bado limemganda kwenye nyusi, mfuko wake ulikuwa bado uko chini barazani. Mtoto anarudi baada ya miezi minne chuoni, na neno la kwanza baada ya salamu ni kaye, lile daftari la nyimbo.

"Ya kufanya nini?"

"Ya kazi ya muziki. Asistan Bonaventure, mwalimu wetu wa muziki, anakuja Baraka siku ya posho, Jumamosi hii, saa ine ya asubui. Kila mwanafunzi anaandika wimbo wa kwabo mu nota, sauti zote ine, kisha anaongoza bale banauimbaka, ye anasikiliza. Mi nilichagua *Milima Imetuona*. Nikipata nota zako, kazi yangu iko nusu."

Mteja mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri suruali ya mwanawe, mtu wa maneno mengi, alidakia bila kuulizwa. "Kumbe bintiyo anasoma kuimba? Ku universite? Lakini hapa si alikuwa anaimba bure?"

"Anasoma kuwa mwalimu," Casimir alijibu haraka.

Merveille alimtazama baba yake, kisha akatazama chini. Ilikuwa kweli kwamba anasoma fasihi na historia na tamthilia, na kwamba siku moja huenda akafundisha. Lakini muziki nao ulikuwa mle mle katika shahada yake ya sanaa, somo zima lenye alama zake, na mwaka huu wa pili ndio lilikuwa zito kuliko yote. Aliyepata sifuri ya muziki alirudia mwaka. Na cherehani ya Casimir, hata ingekanyagwa kwa miguu minne, haikuwa na uwezo wa kulipia mwaka ule ule mara mbili.

"Kaye ya kwaya haitembeake," Casimir alisema.

"Hata kwa mutoto wako?"

"Hata kwako."

Sasa hapa msomaji aambiwe jambo ambalo Casimir hakumwambia mtu. Ile kaye yenye jalada la buluu, ambayo aliifungua kila siku ya mazoezi, akalamba kidole, akapindua kurasa, akaitazama juu ya miwani kabla ya kuinua mkono, haikuwa na nota hata moja. Ilikuwa na maneno ya nyimbo. Kando ya maneno kulikuwa na vidoti vyenye mikia, vingine juu vingine chini, alivyovichora mwenyewe ili anayechungulia aingiwe na heshima. Casimir hakujua nota. Alichojua ni kusikia wimbo mara mbili, kuugawa kichwani katika sauti nne, na kumwimbia kila mtu sauti yake hadi imwingie. Kuna watu wenye diploma ukutani ambao wangelipia kipaji hicho, lakini yeye hakukihesabu kuwa ni elimu. Zamani mgeni mmoja wa kanisa alimuuliza kama anasoma nota, naye kichwa chake kikaitikia chenyewe. Kuitikia kule kulichukua nukta moja tu, na sasa alikuwa amekubeba kwa miaka zaidi ya ishirini.

Alikata uzi kwa meno, akamtupia mteja ile suruali. Merveille aliokota mfuko wake akaingia ndani kwa mama yake.

Adhuhuri ya Jumatano walikula bugali kwa sombe na ndagala, baba na binti wakikwepana macho. Joselyne, mke wa Casimir, alikuwa mwimbaji wa alto na mtu asiyependa chakula kiliwe kwa kinyongo.

"Baba Merveille, mupe mutoto kaye."

"Kaye iko ya kanisa."

"Kanisa ndiyo inakula hapa? Mutoto ndiye iko hapa, na siku zimebakia tatu."

"Atasikia ku repetisyo ya leo saa kumi, ataandika. Si banamufundisha kusikia kule?"

Merveille aliweka tonge chini. "Baba, useme tu. Unaona haya juu yangu. Jana ulimwambia ule mutu mi ninasoma ualimu, na kama ningekuwa ninasoma udaktari ungenipa hata nyumba."

Casimir alinawa mikono ingawa hakuwa ameshiba. Maneno yale yalimchoma mahali pabaya, kwa sababu hayakuwa ya kweli hata kidogo na hakuwa na njia ya kuyakana. Haya alikuwa nayo, tena nyingi, ila si juu ya bintiye. Usiku mwingine alipokuwa anashona alimwaza Merveille darasani, mbele ya ubao wenye mistari mitano, akisoma kile ambacho baba yake alikichezea mchezo wa kuigiza, na moyo ulimjaa fahari na hofu kwa kiasi kilekile. Alivaa viatu akarudi kazini.

Mazoezi yalianza saa kumi. Kanisa lilikuwa na joto la bati, waimbaji walijipepea kwa vitabu vya nyimbo, na Norbert, prezida wa kwaya na muuza simiti, alipita akihesabu watu. Walifika thelathini na wanane. Merveille aliweka kinanda kidogo cha kanisa juu ya magoti, simu yake ikiwa imewashwa kurekodi, na karatasi zake za mistari zikiwa kwenye benchi. Alikuwa ameshaandika beti tatu za kwanza kwa kukumbuka tu, maana alikulia na wimbo huu, ingawa hakuwahi kuupima kwa kinanda.

Kwaya iliimba. Na waliimba vizuri, asikudanganye mtu. Besi za wavuvi na wabeba mizigo zilitetemesha madirisha. Walipofika ubeti wa nne, *tulitoka mikono mitupu, milima ikatuona*, wimbo wote ulipunguza mwendo na kuteremka kidogo, sauti zote nne kwa pamoja, na akina mama wa mstari wa mbele wakainama magoti kama walivyozoea. Merveille alibonyeza kinanda, akakunja uso, akabonyeza tena. Kisha akainua mkono.

"Musimame. Samahani. Hapa munakosea bote."

Akina mama wa mstari wa mbele walinyoosha magoti wakamgeukia.

"Munaanza ku La," aliendelea, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani, iliyonyooka, isiyojua iko kwa nani. "Ku beti ya ine munaanguka nusu toni. Munaisha ku La bemoli. Na munachelewa. Tutarekebisha, haiko nguvu. Mutu akichoka anashukaka, iko kawaida."

Mama Florentine, soprano wa kwanza tangu kwaya izaliwe, alikunja kitambaa chake polepole. "Mwanangu, mi sikuchoka. Ile beti ya ine njo tulizikia nayo bwana yangu. Pale wimbo unapiga magoti. Batu bote ba Fizi banajua pale wimbo unapiga magoti. Sasa unasema tulimuzika na makosa?"

"Mama, mi sisemi vile..."

"Njo vile umesema."

Minong'ono ilipanda. Joselyne, katikati ya alto, alishika paji la uso. Norbert alisimama kama mtu wa amani, na kama watu wengi wa amani alimwaga mafuta kwenye moto. "Tusigombane. Mwalimu iko na kaye. Afungue tu beti ya ine, tuone iliandikwa namna gani, na maneno yaishe."

Macho sabini na zaidi yaligeukia kwapa la Casimir, mahali kaye ilipokuwa imebanwa.

"Baba," Merveille alisema kwa upole sasa, "onyesha."

Casimir aliona mlango uko mbali. Aliona vidoti vyake vyenye mikia vikisomwa na mtu anayejua kusoma. Kinywa chake kikasema kitu ambacho moyo haukukituma.

"Mutoto wa miaka mbili ya chuo anakuja kunipima mu kwaya yangu? Siku ya posho haimbe mutu. Ule Asistan akuje asikilize mabenchi."

Akatoka. Kwaya ile ilikuwa na sheria kwamba anayetoka kwa hasira katikati ya mazoezi haimbi tena hadi aombe radhi wima mbele ya wote, na hata akisamehewa anakaa benchi la nyuma mara tatu, bila kuimba, akisikiliza wenzake. Aliyeitunga sheria hiyo, mwaka ule akina mama walipogombana juu ya rangi ya vitenge, alikuwa Casimir mwenyewe. Aliikumbuka alipofika barabarani, lakini miguu ilikataa kurudi.

Alhamisi asubuhi Merveille hakuwepo. Joselyne alisema tu kwamba amepanda pikipiki kuelekea Lusenda, na namna alivyosema ilimfanya Casimir asiulize zaidi. Siku nzima alishona vibaya. Alishona mfuko ndani nje, akaufumua, akaushona ndani nje tena.

Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa milima wakati binti yake alipokuja kukaa kwenye kiti cha plastiki cha wateja. Hakuwa na hasira. Alitoa simu.

"Sikiliza hii, Baba. Iko Lusenda, mu kambi. Barundi."

Sauti za kwaya ya wakimbizi zilitoka kwenye simu, nyembamba na safi. Ubeti wa tatu. Ubeti wa nne. Wimbo ukapunguza mwendo, ukateremka.

"Sasa hii ni Mboko." Wengine, ngoma tofauti, lafudhi tofauti. Ubeti wa nne ukateremka. "Nilipima yote na kinanda. Nusu toni, Baba, ni nusu toni ileile. Batu ba kuchoka hawashuke vile. Mutu wa kuchoka moja anashuka sana, moja kidogo. Hawa banashuka kama banatelemuka ngazi. Nikawauliza mulijifunza kwa nani. Ba Mboko banasema kwa ba Baraka. Barundi banasema kwa ba Mboko. Bote banakuja kufika kwako. Ulitoa wapi ile beti ya ine?"

Mguu wa Casimir uliachia cherehani. Angeweza kusema alipewa ndotoni, na watu wangeamini. Alimtazama mtoto aliyekula vumbi la Mboko kwenda na kurudi ili tu kuelewa baba yake aliwaza nini, na uongo ukamchosha ghafla, wote, na wa zamani na uliokuwa unakuja.

"Ni mawe ya radio," alisema.

"Mawe?"

"Kule Nyarugusu, mu kambi, wakati sisi pia tulikuwa wakimbizi, kwaya ilikuwa na radio moja na kaseti moja. Mawe ya radio, betri, ilikuwa nguvu kuyapata kuliko unga. Yakichoka tunayaanika ku jua, tunayauma na meno, yanafufuka kidogo. Ile siku ya kujifunza *Milima Imetuona*, beti ya kwanza, ya pili, ya tatu, mawe yalikuwa na nguvu. Kufika ya ine yakaanza kufa. Sauti ikashuka, ikaenda polepole. Sisi tukasema, ah, wimbo muzuri hivi, ona namna unanyenyekea. Tukajifunza vile. Kesho yake radio ikatafuna kaseti. Hatukusikia tena."

Merveille alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Kisha tukarudi huku, nikafundisha batu. Mwaka moja nikaenda Uvira kununua nyuzi. Mu duka, radio inaimba wimbo wetu. Mi nikaimba nayo, na furaha yote. Beti ya ine ikafika, radio haikushuka. Mi nikashuka peke yangu, mu duka ya batu, bananiangalia." Alivua miwani. "Hapo nikajua nimesha kupotosha Fizi nzima."

Binti alicheka. Alicheka hadi akashika mguu wa cherehani asianguke, machozi yakimtiririka juu ya vumbi, na Casimir, aliyeudhika kwanza, alijikuta tumbo linamtikisika naye. Haikuwa imemtokea kwa muda mrefu kucheka na mtoto huyu. Kicheko kilipotulia alinyoosha mkono kwenye msumari, akaishusha kaye ya buluu, akamwekea mapajani.

Merveille alifungua. Alipindua ukurasa, na mwingine, na mwingine. Vidoti, mikia. Hapa hakucheka.

"Si nota," Casimir alisema. "Ni madoa. Sijue nota, Merveille. Sikujuaka hata siku moja."

Alisubiri hukumu. Binti alifunga kaye, akaifuta jalada kwa kiganja.

"Baba, ku darasa tuko kumi na ine. Iko bale banasoma nota tangu batoto, kwabo kuko piano. Mutihani wa kwanza wa masikio, Asistan alipiga sauti ine pamoja, akasema kila mutu aimbe ile ya tatu. Bote balishindwa. Mi nikaimba. Akaniuliza nilisoma wapi. Nikamwambia mu nyumba." Akamrudishia kaye. "Nilikuwa nafikiri unanifungia juu ya wivu. Nisamehe kwa ile ya jana. Nilisema mbele ya bakubwa kama napiga ubao."

Casimir alipangusa miwani ambayo haikuwa chafu. Aliambiwa neno ambalo hakujua kwamba alikuwa analingoja, na hakuwa na mahali pa kulitia.

"Sasa andika wimbo wa kweli," alisema mwishowe. "Ule wa duka. Usipoteze mwaka juu ya mawe yangu."

"Wa kweli ni upi? Kazi inasema wimbo kama unaimbwa kwetu. Nikinyoosha, Asistan atafurahi, lakini itakuwa uongo. Nikiandika wa kushuka, anaweza kusema sikusikia muzuri, anipige sifuri. Mi nataka kuandika wa kushuka. Lakini batu ba kuuimba sina. Uliwakataza."

Ijumaa saa kumi Casimir alisimama mbele ya kwaya aliyoiongoza, bila kaye, mikono ikikosa kazi. Aliomba radhi kwa kutoka kwa hasira. Hapo sheria ilikuwa imetimia na angeweza kukaa. Akaendelea. Aliwaambia habari ya mawe ya radio, na walioishi Nyarugusu wakaanza kuitikia kwa vichwa, mmoja akasema kumbe ndiyo maana. Kisha akafika penyewe.

"Na tena, mi sijue kusoma nota. Kaye ile niliwadanganya nayo. Kama munataka mwalimu mwingine, iko haki yenu."

Alitazama chini kwa sababu hapakuwa na pengine pa kutazama. Mama Florentine alikohoa.

"Mwalimu, sisi tunajuaka."

"Munajua nini?"

"Ile mwaka ya mvua kubwa, kaye yako ilianguka mu matope mbele ya mulango yangu. Nani aliiokota? Niliianika kurasa moja moja, ku kamba, na bibanio bya nguo. Nikaona tudoti twako. Nikawaambia basoprano. Basoprano bakaambia kila mutu, ila prezida tu."

"Miaka yote hii?"

"Kumi na tatu," alisema Joselyne kutoka upande wa alto, na mumewe akamgeukia akiwa mdomo wazi. "Ulikuwa unaipenda ile kaye. Tungekwambia nini? Jumatano nilisema umupe mutoto ili useme mwenyewe."

"Sisi tulikuwa tunaimba," alisema Mama Florentine. "Tulijifunza ku mudomo yako, si ku kaye." Kisha akamgeukia Merveille, aliyekuwa amesimama kando na karatasi zake. "Na wewe, beti ya ine utainyoosha?"

"Hapana, Mama. Nitaiandika vile inapiga magoti. Na mi naomba musamaha kwako mbele ya bote."

"Basi kuja utuongoze, muda unaenda."

Norbert aliinua kidole kwa aibu ya mtu anayelazimika. "Lakini Mwalimu, ile sheria. Benchi ya nyuma, mara tatu. Leo ni ya kwanza, kesho ya pili."

Watu waliguna, wengine wakacheka. Casimir mwenyewe alikwenda akakaa nyuma, karibu na mlango, mahali alipowapeleka wengi. Kwa mara ya kwanza aliisikia kwaya yake kutokea upande wa watu.

Asistan Bonaventure alifika Jumamosi saa tano na nusu badala ya saa nne, suruali imegeuka rangi ya barabara. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa maneno na mgumu wa uso. Alikaa mezani, akaweka kando diapazo yake, chuma cha kupimia sauti, akafungua karatasi za Merveille na kalamu nyekundu mkononi.

Merveille alinyoosha mikono miwili. Casimir kule nyuma alibana yake katikati ya magoti kwa sababu ilitaka kuinuka yenyewe. Beti tatu zilipita salama. Wa nne ulipoanza, wimbo ulipunguza mwendo na kuteremka, akina mama wakainama, na kalamu nyekundu ikasimama hewani.

"Ngoja," Bonaventure alisema. "Huu wimbo ninaujua tangu utoto. Hapa haubadiliki. Umeandika La bemoli. Ni nani alibadilisha?"

"Haikubadilishwa, Asistan. Njo vile unaimbwa kwetu. Na Lusenda, na Mboko. Niko na rekodi."

"Watu wakichoka hushuka. Mwanafunzi anayejua kusikiliza haandiki uchovu." Aliandika kitu pembeni, kifupi, na Merveille akakiona: sifuri.

Benchi la nyuma lililia. Casimir alikuwa amesimama. Sheria ilimkataza kuimba, haikumkataza kusema, na hata ingemkataza.

"Asistan, samahani. Ni mi niliwafundisha kosa. Kaseti ilikuwa na mawe mabovu." Akaeleza yote, kambi, jua, meno, duka la Uvira, mbele ya mtu wa chuo kikuu na mbele ya kila aliyemjua, kwa sauti iliyopasuka mara mbili. "Mutoto aliandika haki. Kama iko alama ya kukata, sijue utaikata kwa nani, lakini si kwake."

Bonaventure alichukua diapazo, akaigonga kwenye meza, akaishika sikioni. Akawaimbia toni nyingine kabisa, ya chini kuliko ile ya kwanza. "Muanzie hapa. Ubeti wa tatu, muunganishe na wa nne. Mademoiselle, usiwaongoze. Ukae."

Walianza bila mkono wa mtu. Walifika ukingoni mwa ubeti wa tatu, na watu thelathini na saba wakateremka ngazi ile moja, besi na tenori na alto na soprano, hakuna aliyebaki juu, hakuna aliyepitiliza. Bonaventure alikuwa ameinamia kinanda. Alibonyeza kitufe kimoja, akaacha, akabonyeza tena. Alipoinua uso ulikuwa si mgumu tena.

"Nusu toni kamili," alisema. "Nina kwaya ya wanafunzi kule ambayo ninaisomesha hiki kitu kwa mwaka mzima, wenye nota mkononi, na hawawezi." Akaufuta kwa kalamu ule mwandiko wa pembeni, akaandika mwingine. "Kumi na saba juu ya makumi mbili. Ningetoa kumi na nane, lakini mkono wako wa kushoto umelala."

Kelele iliyotoka mle ilifikia sokoni. Joselyne alimkamata bintiye shingoni, Mama Florentine akapiga vigelegele, Norbert akasahau cheo chake akacheza.

Casimir alikuwa amekaa tena. Baada ya muda Merveille alikuja akakaa kando yake kwenye benchi la walioadhibiwa, akamwekea karatasi mapajani. Maneno Casimir aliyajua kusoma vizuri. Juu kabisa, chini ya jina la wimbo, paliandikwa: *kama ulivyofundishwa Baraka na Casimir, fundi cherehani na mwalimu wa kwaya.* Alisoma mara mbili. Mstari huo ulikuwa na tarehe ya Alhamisi, kabla ya alama, kabla ya kwaya kusamehe mtu.

Chini yake ilikuwa mistari mitano mitano, vidoti vyenye mikia, vya kweli hivi.

"Pale tunashuka," alisema, "iko wapi?"

Merveille alichukua kidole chake, kigumu kwa sindano, akakiweka mwanzoni mwa ubeti wa nne. Palikuwa na vialama vinne vidogo vya bemoli, mfano wa herufi b, vimekaa kimoja baada ya kingine. Casimir alivipapasa kimoja kimoja. Alikuwa amevikimbia mpaka vikamzeesha.

"Njo hii tu? Tudogo hivi?"

"Njo hii tu, Baba."

Akasogeza miwani, akainamia karatasi. "Basi anza na ya kwanza. Hii inaitwa nani?"